Wasilisho Lililokubali Ofisini Likagoma Ukumbini

Video ya kwanza ilipoguswa, sauti ilisikika na kioo kikabaki cheusi. Maofisa ugani waliojaa ukumbini walisikiliza dakika mbili nzima za mtu akieleza namna ya kufunga mfuko wa mahindi usiopitisha hewa, na hakuna aliyeuona mfuko wenyewe. Slaidi iliyofuata ilikuja na herufi zisizo zake, mstari wa mwisho umeanguka nje ya sanduku. Iliyofuata ilikuwa na mchoro ambao, kwa jua lililokuwa likiingia dirishani, ulibaki vivuli viwili vya kijivu.

Wasilisho hilo la mafunzo ya kuhifadhi mahindi lilikuwa na slaidi 34 na video nne. Lilitengenezwa kwenye laptopu moja mpya, likajaribiwa kwenye laptopu hiyohiyo, kisha likatiwa kwenye flashi. Lilitakiwa kuonekana sehemu tatu: kumbi za halmashauri kwa projekta, ofisi za kata kwa televisheni, na simu za wakulima kupitia WhatsApp. Kosa kubwa lilitangulia yote hayo: hakuna aliyeuliza mapema mtazamaji ana mashine gani. Kulinyoosha kulichukua siku tisa za kazi, na siku mbili kati ya hizo ziliteketea kwa kurudia kazi ambayo swali moja la simu lingeiokoa. Yanayofuata ni jinsi kila tatizo lilivyoonekana, chanzo chake, na dawa iliyofanya kazi.

Tuanze na kioo cheusi. Video zilirekodiwa kwa iPhone, ambayo tangu iOS 11 ya mwaka 2017 huhifadhi picha kwa mtindo wa HEVC, au H.265, ukiiacha ilivyotoka dukani. Mtindo huo unabana vizuri: dakika moja ya 1080p hukaa kwenye megabaiti 60 hivi badala ya 130. Shida ni kwamba kompyuta nyingi za Windows hazina kodeki yake, yaani programu ndogo ya kuifungua, mpaka iongezwe, na kompyuta ya ofisi ya serikali mara nyingi haikuruhusu kuongeza chochote bila nywila ya mtu wa TEHAMA ambaye siku hiyo yuko safarini. Sauti yake ni AAC, kompyuta inaijua, ndiyo maana ilisikika. Usidanganywe na jina la faili. MP4 au MOV ni kapu tu. Kilichomo ndani ndicho kinachokubali au kugoma.

Mchanganyiko uliokubali kila mahali tulipojaribu ni MP4 yenye picha ya H.264, mtindo uliotangulia H.265, na sauti ya AAC. Kama bado hujarekodi, ingia mipangilio ya kamera ya iPhone, kwenye Formats, uchague Most Compatible, na uizime HDR ya video (mtindo wa kupanua mwanga na rangi) kama simu inayo, maana video ya HDR ikigeuzwa kienyeji hutoka imepauka kama shati lililofuliwa kwa jiki. Kama umesharekodi, geuza. HandBrake ni programu ya bure ya kugeuza video na ina vitufe. Chagua Fast 720p30, kisha kwenye kasi ya picha weka Constant. Hiyo ya mwisho watu huiruka. Simu haipigi picha 30 kila sekunde sawasawa, hupanda na kushuka kulingana na mwanga, na ukiikatakata video ya namna hiyo, sauti huanza kuachana na midomo taratibu hadi dakika ya nne mtu anafunga mdomo na neno bado linakuja.

Anayependa kuandika amri, hii ya ffmpeg, programu ya kugeuza video isiyo na vitufe, ndiyo iliyogeuza video zote nne:

ffmpeg -i chanzo.mov -vf scale=-2:720 -r 30 -c:v libx264 -profile:v main -pix_fmt yuv420p -crf 22 -c:a aac -b:a 128k -ac 1 -movflags +faststart tayari.mp4

Kipande cha yuv420p kinalazimisha rangi za biti 8, kwa sababu televisheni nyingi hazichezi H.264 ya biti 10. Namba 22 ni ubora: ukishusha hadi 18 faili linanenepa, ukipandisha hadi 27 uso wa mtu unaanza vigae. Na -ac 1 inaunganisha sauti zote kuwa njia moja. Maikrofoni ya kubana kifuani ilikuwa imerekodi upande wa kushoto tu. Ukumbi mmoja ulikuwa na waya unaopeleka upande wa kulia tu kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti. Matokeo yake ni ukimya kamili na fundi anayeapa kwamba spika zake ni nzima, na kweli ni nzima.

Jambo jingine la video ni njia ya faili. PowerPoint hukupa kuingiza video ndani au kuiunganisha tu. Ukiunganisha, slaidi inakumbuka anwani, mfano C:\Users na jina lako, anwani ambayo haipo kwenye kompyuta ya ukumbi. Ingiza ndani. Wasilisho letu lilifika megabaiti 190 baada ya kugeuza, uzito ambao flashi inaubeba bila taabu. Kwenye File, sehemu ya Info, kukiwa na kiungo chochote kilichobaki utaona maneno ya kuhariri viungo. Yakionekana hayo, kuna kitu hakitasafiri. Michoro iliyobandikwa kutoka Excel huwa na tabia hiyohiyo.

Herufi nazo. Tulitumia fonti ya Aptos kwa sababu ndiyo Office mpya inayoanza nayo. Kompyuta ya ukumbi ilikuwa na Office 2013, haiijui, ikaweka fonti nyingine yenye herufi pana zaidi. Maneno yaliyokuwa mistari minne yakawa mitano. Kuna kitufe cha kupachika fonti ndani ya faili: File, Options, Save, halafu weka tiki kwenye Embed fonts. Kinasaidia Windows kwa Windows, lakini baadhi ya fonti hukataa kwa sababu ya leseni, na programu nyingine hazijali ulichopachika. Kwa hiyo tulirudi kwenye Arial. Si nzuri sana, hilo linajulikana. Ila kila Windows na kila Mac inayo, na kwenye Linux kuna Liberation Sans ambayo upana wa kila herufi yake umelinganishwa na wa Arial, hivyo mistari haivunjiki. Ukiwa umeandika kwa Calibri, LibreOffice ina Carlito inayofanya kazi hiyohiyo. Aptos haikuwa na ndugu wa namna hiyo tulipokwenda. Hata baada ya hapo, acha nafasi ya mstari mmoja mtupu chini ya kila sanduku la maneno. Sanduku lililojaa pomoni ndilo la kwanza kupasuka.

Sasa umbo la kioo, ambako ndiko muda mwingi ulikwenda.

PowerPoint tangu 2013 huanza na slaidi ya 16 kwa 9, yaani sentimita 33.87 kwa 19.05. Projekta nyingi za zamani bado ni za 4 kwa 3, pikseli 1024 kwa 768. Ukiziwekea slaidi pana, picha inakaa kwenye pikseli 1024 kwa 576 na mistari 96 inabaki nyeusi juu na mingine 96 chini. Umepoteza robo ya urefu. Herufi ya ukubwa wa 24 inasomeka kama ya 18. Hapo mtu hukimbilia kubadili ukubwa wa slaidi kwenye menyu ya Design, PowerPoint inamuuliza kama ikuze au ihakikishe vyote vinaingia, anabofya chochote, na mpangilio wa siku tatu unavurugika mbele ya macho yake.

Dawa iliyotusaidia ni kuweka mistari ya mwongozo mapema, sentimita 4.23 kutoka kila upande. Katikati inabaki sentimita 25.4 kamili, ambazo kwa urefu wa 19.05 ni 4 kwa 3. Kila kisichoweza kukosekana kikae humo. Pembeni weka picha za pambo, nembo, rangi. Siku ukihitaji toleo la 4 kwa 3, badili ukubwa na uchague Maximize: vitu havipungui, pembeni zinakatika, na kilichokatika hakina mwenyewe. Kama huna muda wa toleo la pili, acha michirizi nyeusi ibaki. Michirizi haimdhuru mtu. Kinachodhuru ni projekta iliyowekewa kunyoosha picha ijaze ukuta, ambapo watu wote wanakuwa warefu wembamba kama milingoti na mfuko wa mahindi unageuka soseji. Hilo hurekebishwa kwenye menyu ya projekta yenyewe, mahali pa Aspect, na si kwenye slaidi.

Televisheni ina ugonjwa wa kinyume. Zipo zinazokuza picha kidogo na kumeza kingo, tabia iliyobaki kutoka enzi za televisheni za kichogo. Katika video yetu mikono ya mwelekezaji ilikuwa chini kabisa ya picha: anasokota shingo ya mfuko wa plastiki wa ndani, anaikunja, anaifunga kwa kamba, halafu mfuko wa pili wa plastiki, halafu kiroba cha nje. Televisheni ya ofisi moja ya kata ilikata pale pale kwenye fundo. Ukaona mabega ya mtu yakifanya kazi kwa bidii, na kamba ikipanda na kushuka kutoka mahali pasipoonekana. Tafuta kwenye mipangilio ya picha neno kama Just Scan au Screen Fit, inategemea aina ya televisheni. Lakini rimoti mara nyingi imepotea au haina betri, hivyo kinga ni kuacha ukingo wa asilimia 5 pande zote: kwenye slaidi ni sentimita 1.7 kushoto na kulia, na sentimita 1 juu na chini. Kwenye video ya 1080p ni pikseli 96 na 54. Video ya mafundo ilibidi ipunguzwe na kuzungushiwa fremu ya rangi ili mikono ipande. Kuirekodi upya kungekuwa bora, ila mwelekezaji alishaondoka na mahindi yalishauzwa.

Faili la PowerPoint haliwezi kuwekwa televisheni hivi hivi. Televisheni ya kawaida husoma video na picha, basi. Njia ya kwanza tuliyotumia ni kutoa wasilisho zima kama video ya 1080p kupitia File, Export. PowerPoint hupendekeza sekunde 5 kwa slaidi, muda ambao hautoshi hata kusoma kichwa cha habari na kukohoa. Tulipanga kila slaidi isomwe kwa sauti ya kawaida mara mbili, tukapima: nyingi ziliangukia sekunde 18 hadi 25. Bado haikufaa. Darasa linauliza maswali, mwezeshaji anatafuta kitufe cha kusimamisha, slaidi inampita, anarudisha nyuma, anarudi mbali mno.

Njia ya pili ndiyo iliyobaki: slaidi zote zitolewe kama picha za JPEG, video nne zikae pembeni kama faili zake, na mwezeshaji aende mbele kwa mshale wa rimoti. Angalia majina tu. PowerPoint huziita Slide1, Slide2 hadi Slide34, na televisheni nyingine hupanga kialfabeti: baada ya Slide1 inakuja Slide10, Slide11, hadi 19, ndipo Slide2. Zipe majina upya kwa 01, 02, 03. Pia slaidi yenye vitu vinavyotokea kimoja kimoja itatoka na vyote vimelundikana, mshale juu ya maneno, maneno juu ya picha. Igawe slaidi hiyo kuwa mbili au tatu kabla ya kutoa. Adhabu hiyohiyo utaikuta kwenye PDF.

Flashi yenyewe iwe ya gigabaiti 16 au 32, imefomatiwa kwa mpangilio wa faili wa FAT32. Za 64 kwenda juu hutoka kiwandani na exFAT, na televisheni za miaka ya nyuma hukaa kimya kana kwamba hujachomeka kitu. FAT32 haipokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, lakini video ya mafunzo ikizidi hapo tatizo ni video, si flashi.

Nyaya hazihitaji maneno mengi. VGA, waya wa picha wa projekta za zamani, haibebi sauti hata kidogo. Chukua waya wa 3.5 mm wa kutoka laptopu kwenda mikisa, wenye urefu usiopungua mita 5, kwa sababu projekta na spika hukaa pande tofauti za ukumbi. Laptopu mpya haina tundu la VGA, kwa hiyo beba adapta ya HDMI kwenda VGA, na beba mbili, maana hufa bila kuaga. HDMI inabeba sauti, na Windows huihamishia huko mara moja. Ikiwa projekta ina kispika kidogo kama cha redio ya mfukoni, sauti yote itatokea kule. Bofya alama ya spika chini kulia na uirudishe kwenye laptopu. Kioo kisipotokea, bonyeza Windows na P, chagua Duplicate. Na ukiwa unaonyesha kwa Zoom, kabla ya kushiriki kioo weka tiki mbili, ya kushiriki sauti na ya kuboresha kwa ajili ya video, la sivyo walio mbali wataona picha inayorukaruka na midomo isiyotoa neno.

Rangi: mchoro wetu ulionyesha unyevu wa nafaka, kijani kwa mahindi yaliyokauka hadi asilimia 13.5 au chini, nyekundu kwa yaliyozidi. Kwenye laptopu ulipendeza. Projekta haitoi weusi. Weusi wake ni rangi ya ukuta wakati huo, na ukuta wenye jua la saa nne ni mweupe. Mandhari ya bluu iliyokolea na maandishi ya njano, yanayopendwa sana kwenye semina, ndiyo ya kwanza kuzama. Tulirudi kwenye nyeupe yenye maandishi meusi, na kila nguzo ya mchoro ikaandikwa namba yake juu pamoja na neno "yamekauka" au "hayajakauka". Asiyetofautisha nyekundu na kijani, na wapo katika kila darasa, anasoma neno.

Ukubwa wa herufi usiukadirie kwa macho ukiwa umekaa mbele ya laptopu. Uliza picha ukutani ina urefu gani na mstari wa mwisho wa viti uko umbali gani. Ukumbi mmoja: picha mita 1.5, viti vya mwisho mita 12, yaani mara 8. Kioo cha laptopu ya inchi 14 kina urefu wa sentimita 17.4 hivi, mara 8 ni mita 1.4. Simama mita 1.4 kutoka kwenye laptopu na usome slaidi zako. Ulichoshindwa kukisoma hapo, aliyekaa nyuma hatakiona. Slaidi 11 kati ya 34 zilianguka mtihani huo, nyingi zikiwa majedwali.

Kwenye simu hesabu ni kali zaidi. Simu iliyoshikwa wima ina upana wa sentimita 7 hivi, kwa hiyo slaidi ya sentimita 33.87 inasinyaa kuwa moja ya tano. Herufi ya 24 inakuwa chini ya 5, ndogo kuliko ya kile kikaratasi cha ndani ya boksi la dawa. Kutuma PDF ya slaidi zilezile, kama tulivyofanya mwanzo, ni kuwapa watu kazi ya kukuza na kusukuma kwa vidole. Toleo la simu lilijengwa upya kwa slaidi za wima, sentimita 19.05 kwa 33.87, jambo moja kwa ukurasa, herufi zisizopungua 40, likaishia kurasa 14. Lilitumwa kama PDF ya chini ya megabaiti 3.

Video za simu zilikatwa vipande vya sekunde 90 kushuka, kwa urefu wa pikseli 480. Kujua uzito mapema, zidisha megabiti kwa sekunde na idadi ya sekunde, gawa kwa 8: megabiti 0.8 kwa sekunde 90 ni megabaiti 9. Anayelipa bando ni mkulima, na megabaiti 190 hazifunguliwi na mtu anayenunua bando la siku. WhatsApp nayo huibana upya video ikitumwa kawaida. Ukiituma kama hati haibanwi, lakini mtu lazima aipakue yote ndipo aifungue, na wengi hawafungui. Tulichagua kutuma kawaida, ikiwa tayari ndogo, ili kusiwe na kikubwa cha kutafunwa. Maneno yaliyosemwa yaliandikwa ndani ya picha yenyewe, meupe juu ya utepe mweusi, kwa sababu nyingi huangaliwa bila sauti, kwenye daladala au mtoto amelala. Muziki wa nyuma tuliuondoa. Spika ya simu huumeza wote kuwa mlio mmoja na sauti ya mtu inazama humo.

Kabla ya safari za baadaye ilitengenezwa slaidi moja ya majaribio, inayotangulia kutumwa kwa fundi wa ukumbi. Ina mstari mwembamba kwenye kingo zote nne, duara katikati, neno moja lililoandikwa kwa ukubwa wa 18, 24, 28 na 36, vibao vitano vya kijivu kutoka cheupe hadi cheusi, na video ya sekunde 5 yenye sauti. Fundi anaipiga picha kwa simu na kuirudisha. Mstari ukikosekana, kingo zinamezwa. Duara likiwa yai, picha imenyooshwa. Vibao vikionekana vitatu, chumba kina mwanga mwingi. Swali moja tu linabaki la kumuuliza kwa mdomo, kama ukumbi una vyombo vya sauti, na jibu la fundi mmoja lilikuwa, "Mwalimu, sauti ipo, ila spika tunazikodi." Siku ya tukio hilo, bajeti ya spika haikuwepo.

Ubaya wa matoleo matatu ni masahihisho. Namba ya simu ya ofisa ugani wa eneo moja ilikosewa tarakimu moja. Ikasahihishwa kwenye slaidi za ukumbi na kwenye picha za televisheni. Ya simu ikasahaulika kwa wiki nzima. WhatsApp humruhusu mtumaji kufuta kwa wote ndani ya siku mbili na kitu, na nakala zilizokwisha kusambazwa kwenye makundi mengine hazifutiki kwake tena. Sasa kila ukurasa una tarehe ya toleo kwenye kona ya juu kulia, ndani ya ule ukingo wa asilimia 5, na mwenye PDF isiyo na tarehe huambiwa aitupe aombe nyingine.